Jeep Niliyoinunua Mara Mbili

Hakuna kitu cha motuka, gari kwa wengine, kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo bila haya, na mtu yeyote wa Kisangani anayejua kutofautisha moteri na kabati atakuambia ni kweli. Nimenunua malori kwa watu waliovaa kanzu na kwa watu waliovaa misalaba shingoni, nikafungua sanduku la gia nikakuta maganda ya ndizi yamejazwa humo ili vyuma visipige kelele. Nimeletewa jeep yenye rangi mpya, bado inanata, nikaigonga mlango kwa kidole kimoja tu nikamwambia mwenyewe: bwana, rudisha nyumbani, hii ni mastiki na magazeti. Shule niliacha darasa la tatu, siku mwalimu aliposoma majina ya wale ambao hawajalipa minerval, ile pesa ya shule. Jina langu lilikuwa la kwanza. Nikachukua kibao changu nikatoka, na sikurudi tena. Leo nina malori matatu na bohari mbili, na watu wenye diploma ukutani wananiita patron, yaani bosi, kabla sijafungua kinywa. Kwa hiyo nikisema hakuna cha kunishangaza, najua ninachosema. Kulikuwa na kitu kimoja tu, na kile kilinipata nikiwa na miaka ishirini.

Mwezi uliopita tulimzika Papa Radjabu, fundi wa motuka, aliyenifundisha yote haya. Kwenye matanga tulikaa juu ya mikeka ndani ya parsele yake, ule uwanja wa nyumba, kikombe cha chai mkononi, na wajukuu wakawa wanamsifu. Mmoja wao, kijana wa miwani anayesoma chuo, akasema kwa sauti ya huzuni: "Babu alitengeneza motuka ya mji muzima, lakini yeye mwenyewe hakupata kuwa na motuka hata moja." Watu wakatikisa vichwa. Mimi nikatazama chai yangu. Halafu nikainua macho, nikamwona Mama Zaina, mjane wake, ameketi mlangoni katikati ya wanawake. Jicho lake moja halioni tena, lakini lile lingine lilikuwa limenielekea mimi, na chini ya mtandio wake alikuwa anacheka. Nilipokwenda kumuaga aliniambia: "Dido, andika. Sasa hakuna mutu wa kumufunga." Ndiyo maana naandika.

Mwaka ninaousema ni ule mji wetu ulipoacha kuitwa Stanleyville ukaanza kuitwa Kisangani. Uasi ulikuwa umekwisha, au tulikuwa tunaambiwa umekwisha. Nilikuwa nimepanga chumba kwa Papa Radjabu, chumba chenye kitanda, msumari wa kutundikia shati, na bati lililotobolewa na risasi mahali pawili. Saa sita za mchana matundu yale yalimwaga sakafuni duara mbili za mwanga, kama sarafu, na zilitembea polepole mpaka ukutani. Chini ya sarafu zile nilichimba shimo nikaficha kopo langu la pesa. Nilikuwa nimebeba magunia bandarini miaka mitatu, halafu nikauza makayabu, samaki wa chumvi, mtaa kwa mtaa, na kila jioni kopo liliongezeka uzito. Kula nilikula kwao. Mama Zaina alikataa kabisa nipike: "Mupangaji anayekula peke yake njo anayekimbia bila kulipa." Basi kila jioni wali, maharage, sombe, majani ya muhogo, iliyochemka mpaka ikawa nyeusi ndani ya mawese, na siku ya bahati samaki wa maporomoko. Papa Radjabu alikula polepole, kofia yake ya sala kichwani, mikono iliyosuguliwa kwa mchanga na sabuni lakini bado yenye mistari ya grisi kwenye kucha. Akimaliza alisema "Alhamdulilahi" na swali moja tu: "Bon, Dido, leo umejifunza nini?" Kama sikujifunza kitu, nilidanganya. Alijua, akaniachia.

Mwaka ule palikuwa na adabu moja ambayo hakuna aliyeifundisha na kila mtu aliijua. Hukumuuliza mtu alikuwa wapi ile miezi ya uasi. Jirani aliyekuwa na sikio moja hukumuuliza la pili liko wapi. Mtu aliyekuwa na baiskeli mpya hukumuuliza ameipata kwa nani. Siku moja mteja alikuwa amekaa juu ya tairi, anangoja plagi zake zisafishwe, akaanza: "Papa Radjabu, wakati ile ya fujo, batu banasema weye ulikuwa…" Papa Radjabu aliangusha spana ndani ya sinia ya chuma. Sauti ilikuwa kama bunduki, mteja akaruka. "Plagi yako iko tayari," akasema Papa Radjabu. "Ingine, muulize mukanika mwingine." Mteja akalipa, akaenda. Mimi niliona ni adabu tu, kama wengine wote.

Nilikuwa na hesabu yangu kichwani. Kule Banalia wakulima walikuwa na mpunga umejaa maghalani na hakuna wa kuununua, kwa sababu motuka zote za barabara ile zilikuwa zimechomwa, zimezama, au zimekimbia. Barabara yenyewe ilikuwa matope na miti iliyoanguka. Mtu mwenye motuka inayovuta kwa magurudumu yote manne angefika wa kwanza. Niliposikia kwamba bwana mmoja wa Mangobo anauza jeep, sikulala. Bwana huyo tulimwita Kravati, kwa sababu alivaa tai hata akiwa na kaptula. Asubuhi nilimwambia Papa Radjabu.

"Papa, nimepata jeep. Kravati njo anauzisha."

"Iko rangi gani?"

"Bleu."

"Nauliza mbele ya ile bleu ilikuwa rangi gani."

"Papa, nitajua namna gani?"

Akanywa chai yake mpaka chini. "Bon. Tutaenda wote mbili."

Sasa sikiliza, wewe unayetaka kununua motuka ya msituni iliyotumika, kwa sababu asubuhi ile nilipata elimu ambayo watu wa diploma hawana. Kravati alitufungulia lango, tai shingoni, akapiga boneti kama anapiga shingo ya farasi. "Alors, papa! Njo motuka ya kazi hii. Shetani mwenyewe!" Papa Radjabu akajibu, "Hata shetani anachoka," na hakuitazama jeep. Alitazama chini yake. Mchanga mpya ulikuwa umemwagwa pale. Akaukwangua kwa kandambili, na chini yake ardhi ilikuwa nyeusi kwa mafuta. Kravati akatazama mawingu. Halafu Papa Radjabu akatoa uzi mfukoni, nikashika mwisho mmoja nyuma, yeye mwingine mbele, tukaunyoosha kando ya chasi, kwa sababu jeep iliyogonga mti inaweza kunyooshwa uso lakini mgongo wake hautadanganya uzi. Akahesabu majani ya springi kila upande. Akatikisa gurudumu la mbele kwa mikono miwili, juu na chini, akisikiliza kama daktari. Akafungua kizibo cha mafuta ya difu, akachovya kidole, akanionyesha: "Ukiona inakuwa sawa kahawa ya maziwa, motuka ile ilizama mutoni. Kimbia. Hii haikuzama." Mwaka ule nusu ya motuka zilizouzwa mjini zilikuwa zimewahi kulala ndani ya mto.

Mwisho akalala juu ya gunia akaingia chini kabisa. Alikaa huko muda mrefu. Mimi nilikuwa naona miguu yake tu, na miguu ile haikusogea. Nilifikiri mzee amelala. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. "Kutu imeniingia," akasema, akayafuta kwa kofia yake. Halafu akamgeukia Kravati. "Chasi hii ilipasuka, baliiunga na moto. Kuko soudure pale katikati, kubwa sawa mukono yangu. Kwa barabara ya Banalia itafunguka sawa kitabu."

"Papa, soudure ile nguvu!"

"Nani alifanya?"

"Nitajua wapi? Niliinunua hivyo."

"Basi hujui kama iko nguvu."

Tukaijaribu. Nilishika usukani mimi, Papa Radjabu akakaa upande, Kravati akaning'inia nyuma. Tulishuka mpaka kwenye kijito chenye matope, nikaweka magurudumu manne, ikapanda ukingo kama mbuzi. Tukiwa juu Papa Radjabu akasema, bila kutazama, "Gia ya pili itaruka. Shika na goti." Na kabla hajamaliza gia ikaruka. Nikashika kwa goti. Mbele kidogo moteri ikakohoa, ikafa. Kravati akaanza kuapa kwamba petroli ipo, petroli ipo, na Papa Radjabu akapeleka mkono chini ya kiti chake, mbali, karibu na ubavu wa jeep, akazungusha kitu. Nikawasha, ikawaka. "Reserve," akasema. "Motuka zote ziko nayo." Mimi nilimtazama kama watu wanavyotazama nabii. Tangu siku ile nimenunua jeep kumi na moja kwa mkono wangu, na hakuna hata moja iliyokuwa na koki ya petroli mahali pale. Lakini siku ile nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa najua kila kitu.

Ikabaki karatasi. Kravati aliitoa ndani ya shati, imekunjwa mara nne, mihuri mitatu. Papa Radjabu aliisoma, namba ya moteri, namba ya chasi, akamrudishia haraka kama mtu anayerudisha sahani ya moto. "Karatasi iko muzuri," akasema. "Lakini hakuna jina ya mutu wa zamani."

"Wa zamani?" Kravati akafungua mikono. "Papa, mwaka hii nani iko na zamani?"

Tukacheka wote watatu, na mimi nilicheka kuliko wote. Kosa langu lilikuwa lile, na kosa lile mtu wa Kisangani tu angelifanya, na mwaka ule tu. Nilikuwa nimekagua chuma mpaka ndani ya mfupa, nikapita juu ya swali ambalo mnunuzi wa kuku angeliuliza: huyu ni wa nani?

Kravati alitaka falanga elfu sitini. Kwa ajili ya ile soudure alishuka, akalalamika, akafungua tai, akashuka tena, mpaka elfu arobaini na mbili. Kopo langu lilibaki na vumbi. Tukirudi nyumbani nikauliza kwa woga, "Papa, na ikifunguka sawa kitabu?" Papa Radjabu alikuwa ameweka kiganja chake juu ya dashibodi, kimetulia pale. "Ile soudure?" akasema. "Itakuzika weye na batoto yako." Siku ile niliamini amedanganya mara moja tu, mbele ya Kravati, na nilifurahi sana kwa sababu alidanganya kwa faida yangu.

Wiki sita tuliitengeneza. Alikataa malipo, nikasema ananipenda, na ni kweli alinipenda, sikukosea hapo. Kila asubuhi nilikuta boneti imeshapanguswa umande. Niliamini ni Mama Zaina. Jioni wakati mwingine, baada ya chakula, nilimwona Papa Radjabu amekaa ndani ya jeep, upande wa abiria siku zote, mikono juu ya magoti, akitazama ukuta wa jirani. Sikumwona hata siku moja ameshika usukani wa motuka yoyote. Motuka za wateja zilisukumwa kuingia, na zikiwaka, wateja wenyewe walizitoa. Nilidhani ni uzee. Alikuwa na umri mdogo kuliko nilio nao leo. Na ukuta wetu ulikuwa wa udongo, hauzuii maneno. Jioni moja nilimsikia Mama Zaina: "Utamwambia lini?" Na yeye: "Nimwambie nini? Mutoto anafurahi." Nikafikiri wanazungumzia kupandisha kodi ya chumba.

Ikafika wiki ya safari. Mfanyabiashara mmoja wa Makiso alikuwa ameniahidi kununua mchele wangu wote, lakini kabla ya Jumamosi, siku meli yake ya kushuka mto ingeondoka. Baada ya hapo, alisema, nile mwenyewe. Jumatano alfajiri ningeondoka. Jumanne jioni niliosha jeep mpaka ikang'aa, nikaiacha mbele ya baraza, halafu nikaenda Tshopo kuoga kama patron anavyooga kabla ya safari, ufunguo ukining'inia shingoni kwa uzi ili wasichana waliokuwa wanafua waone. Waliona. Niliogelea mbele yao kwa mbwembwe, nikazama, nikatoka na uzi bila ufunguo. Mto Tshopo haurudishi kitu.

Na Papa Radjabu hakuwepo! Alikuwa amevuka mto kwenda Lubunga kwenye maziko, asingerudi mpaka Alhamisi. Jumatano asubuhi nikafungua waya chini ya dashibodi. Nilikuwa nimewaambia watu wote wa mtaa kwamba mtu anayejua motuka hahitaji ufunguo. Nikaunganisha mwekundu na mweusi. Moshi ukatoka, halafu cheche, halafu harufu ya mpira unaoungua ikajaa parsele. Mama Zaina alikuwa anafagia. Akatupa ufagio akaja mbio.

"Dido! Acha kuchoma motuka ya bwana yangu!"

Nikaachia waya. Moshi ulipanda taratibu kati yetu. Yeye alikuwa ameshika mdomo wake.

"Mama, unasema nini?"

"Nasema acha kuchoma."

"Umesema ya bwana yako."

Aliingia ndani, nikasikia kopo linafunguliwa, lile kopo la sukari ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Nilidhani ananificha uso. Akatoka na kitu kwenye ngumi, akakipangusa sukari kwa kanga, akanipa. Ufunguo, wenye kipande cha kitambaa chekundu. "Ingiza," akasema. Nikaingiza. Ukazunguka bila kelele, kama mtu anayeingia kitandani kwake, na moteri ikawaka.

Pale ndipo niliposhangaa, mimi ninayeandika maneno haya. Nilikaa mikono juu ya usukani, jeep inatetemeka chini yangu, na kila kitu kikarudi kwa mpangilio: goti, koki ya petroli, miguu isiyosogea chini ya chasi. "Ile soudure," nikasema. "Ya mukono yake," akasema Mama Zaina. "Alifanya kwa siku mbili, hakukula. Enda Banalia, Dido. Rizi, ule muchele, haina kosa. Akirudi, mutaongea."

Nilikwenda. Ningekuwa mtu mwema wa hadithi ningezima moteri nimngojee, lakini pesa zangu zote zilikuwa ndani ya chuma kile na Jumamosi ilikuwa inakuja. Njia nzima nilikuwa kama mtu anayetembea na viatu vya mwingine. Kwenye kila shimo nilisikiliza katikati ya chasi, na katikati ya chasi palinyamaza. Nikafika wa kwanza kama nilivyojua nitafika. Wakulima walinishangilia, wakanikopesha mchele, nikapakia magunia manane nyuma, la tisa nikalikalisha kando yangu, kwenye kiti cha Papa Radjabu. Usiku nililala hapo hapo Banalia, na Alhamisi alasiri niliingia parsele nikiwa na matope mpaka kwenye nyusi.

Alikuwa amekaa barazani. Akatazama kitambaa chekundu kinachoning'inia kwenye dashibodi.

"Umepata ufunguo."

"Nimepata, papa."

Mama Zaina alileta chai, akaingia ndani, na hakwenda mbali, kivuli chake kilibaki kwenye pazia. Papa Radjabu alizungusha kikombe chake mara nyingi. Halafu akasema, polepole, kama anayehesabu bolti: "Batu ya bunduki balikuja hapa. Balisema, papa, jeep iko yako? Nikasema yangu. Balisema, basi endesha. Niliendesha wiki tatu. Sikupiga mutu, sikuiba hata kuku. Lakini niliendesha, Dido. Nilipeleka batu mahali, na bengine sikubarudisha. Siku moja niliacha jeep njiani, moteri inawaka, nikatembea na miguu mpaka hapa. Siku tano. Sasa nikienda ku bureau ya serikali leo niseme jeep iko yangu, swali ya kwanza itakuwa nini?"

"Nani aliendesha."

"Njo ile."

"Kwa nini hukuniambia, papa?"

"Ungeinunua?"

Nisingeinunua. Ningeogopa, na Kravati angeiuza kwa mtu wa mbali. "Nilitaka ilale hapa," akasema Papa Radjabu. "Hata kama inaamka na mutu mwingine."

Niliondoa ufunguo, nikaweka juu ya mkeka mbele yake. Msinifikirie vibaya wala vizuri. Nilipouachia ufunguo ule nilikuwa narudi kubeba magunia bandarini. "Chukua, papa. Iko yako."

Aliusukuma kurudi kwangu kwa kidole kimoja. "Na miye niipeleke wapi? Ku soko, banione? Hapana. Lakini kitu moja inanisumbua, inanisumbua hata ku sala. Kravati alikuuzishia kitu haiko yake. Kwetu ile haiko biashara. Mwenye kitu njo anasema, nimekuuzia. Mwenye kununua njo anasema, nimenunua. Bila maneno ile, hata ulipe nyumba muzima ya pesa, unaazima tu, na miye nakuangalia ukiazima. Kesho, kisha sala, vaa shati muzuri. Tutauziana."

Ijumaa asubuhi nilimpelekea mtu wa Makiso mchele wake, meli ikiwa bado gatini, nikalipwa. Alasiri nilivaa shati langu jeupe. Papa Radjabu alikuwa ametoka msikitini, kanzu yake imenyooshwa, mkeka umetandikwa barazani, maandazi yapo, chai ya tangawizi ipo. Jeep ilikuwa mbele yetu, imeoshwa. Nikajua sasa nani anaosha. Nikaanza kama mwanaume: "Papa, elfu arobaini na mbili. Sawa Kravati. Nitalipa kidogo kidogo."

"Elfu arobaini!" Alikasirika kweli. "Kwa kitu hii? Umepofuka? Angalia, gia ya pili inaruka. Mafuta inavuja. Umri yake unaijua?"

"Papa, inapanda sawa mbuzi! Nimetoka Banalia na magunia tisa!"

"Kuteremuka na magunia, hata kibati inateremuka. Na chasi imepasuka."

"Imeungwa na fundi wa kwanza wa mji huu!"

"Fundi ile namujua," akasema Papa Radjabu. "Mulevi wa kazi. Falanga mia."

"Elfu thelathini."

"Unanitukana ndani ya nyumba yangu? Falanga mia, na bado iko bei kali."

Nimefanya biashara miaka mingi tangu hapo, na watu wa Buta na watu wa Isiro, na Wagiriki waliobaki. Sijapata kushindwa kama nilivyoshindwa alasiri ile. Nilikuwa nasifu kama muuzaji, yeye anaponda kama mnunuzi, na kila niliposhuka yeye alitaka nishuke zaidi, mpaka alikuwa anacheka meno yote, jambo ambalo sikuwa nimeliona mwaka mzima ule. Nilipofika elfu kumi nikaapa sishuki tena, pazia likafunguka.

"Mutauziana mpaka mwezi kesho?" akasema Mama Zaina. "Maandazi imeisha. Ile ufunguo ya pili, miye njo nilimulipa mutu wa kuichonga, sokoni, na pesa yangu ya maharage. Falanga makumi mbili na tano. Dido anirudishie ile, mufunge midomo."

Papa Radjabu akanitazama. "Bei ya mama ni nzito," akasema, "lakini tuikubali." Nikatoa noti ya ishirini na sarafu ya tano, nikaziweka juu ya mkeka. Akakaa wima, akaweka mkono wa kulia juu ya ule wangu, sauti yake ikabadilika. "Nimekuuzia."

"Nimenunua, papa."

Mama Zaina akachukua pesa zake, akazifunga kwenye pindo la kanga.

Halafu Papa Radjabu akasimama, akashuka barazani, akazunguka jeep upande ambao sikumwona akipandia mwaka ule wote, akafungua mlango wa dereva. "Patron," akaniita, na alikuwa wa kwanza mjini kuniita hivyo, "unaniazima motuka yako kidogo?" Nikampa ufunguo. Tulikwenda mpaka daraja la Tshopo na kurudi, yeye kwenye usukani, mimi kwenye kiti chake, Mama Zaina nyuma ameshika mtandio. Ikifika gia ya pili aliishika kwa goti, bila kufikiri, huku anaimba kitu cha zamani puani. Watu walitupungia mkono. Hakuna aliyeuliza kitu.

Jeep ile imelala nyuma ya bohari yangu, chini ya mlimau. Moteri ilikufa zamani, milango imeliwa na kutu, kuku wanataga kwenye viti. Juzi, baada ya matanga, niliingia chini yake na gunia kama alivyonifundisha, nikaigonga ile soudure kwa nyundo. Inalia kama kengele. Watoto wangu, niliowasimulia sasa tu, wanasema niliibiwa, maana nimelipa motuka moja mara mbili. Hawajui kuhesabu, na wamesoma. Zile elfu arobaini na mbili za Kravati hazikuwa bei, zilikuwa minerval, ya shule pekee niliyoimaliza. Jeep yenyewe ilinigharimu falanga ishirini na tano.